Nani Mwenye Wimbo?

Katika karne ya 19 walitokea katika nchi ya Wasukuma mafundi wawili wa dawa na ngoma, Ngika na Gumha. Wasimulizi wa huko wasema kuwa wawili hao walishindana, na kila mmoja akapata wafuasi: wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Mashindano hayo hayajafa hata leo. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, makundi mawili husimama uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, na watu wenyewe ndio waamuao, kwa kwenda upande uwapendezao. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Nasi wa pwani tusicheke, kwani beni za Mombasa na Lamu zilikuwa na mashindano ya namna hiyo hiyo, na mali nyingi iliteketea humo.

Dawa zao mimi sizisifu. Nitazamalo hapa ni nyimbo. Mtunzi, ambaye Wasukuma humwita ningi, huimba mbele ya mahasimu zake, nao wanasikiliza ili wapate pa kumshika. Neno alilolitoa ni lake, na likirudi lamrudia yeye. Kwa hili ningi wa Shinyanga na mshairi wa Pate ni ndugu. Mwana Kupona alipomaliza utendi aliomtungia binti yake, mwaka 1275 wa Hijra (1858), alijitaja jina lake na mji aliozaliwa, akatia na tarehe. Hakufanya hivyo kwa kujivuna, bali msomaji apate kujua ni nani wa kumwombea dua, na maneno haya ni ya nani.

Sasa, ndugu msomaji, tangu mwaka 2022 zimeenea mashine za kompyuta ziitwazo akili mnemba. Mtu huziandikia maneno machache, nazo humpa picha, au wimbo mzima wenye sauti na ala. Zimeupataje ujuzi huo? Zimelishwa kazi za wanadamu kwa mamilioni, na wengi wa wenye kazi hizo hawakuulizwa.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama walifahamu jambo hili kabla yetu. Mchimbaji hupeleka mawe yake kwenye karasha yakasagwa, kisha huikamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki huitwa marudio, na kwa desturi ya huko mara nyingi huwa wa mwenye karasha. Lakini ndani ya marudio dhahabu ingalimo, wala si haba, na mwenye karasha huichenjua baadaye kwa sianidi akatajirika, hali aliyeingia shimoni amekwisha kwenda zake na vijigramu vyake.

Yuko atakayesema kuwa hata ningi alijifunza kwa waliomtangulia. Ni kweli, lakini alikaa miguuni pao, akawahudumia, na hata leo ukimwuliza atakutajia walimu wake. Mashine haina mwalimu wa kumtaja, na ikisema uongo hapana wa kumshika uwanjani.

Wanamuziki wa ng'ambo wamekwisha kupaza sauti. Mwezi wa Aprili 2024 zaidi ya 200 kati yao, akiwamo Stevie Wonder, walitia sahihi barua ya kulalamikia jambo hili. Juni mwaka huo makampuni makubwa ya rekodi ya Marekani yakazishitaki Suno na Udio, wenye mashine za nyimbo, na mwaka 2025 baadhi ya kesi zikaishia kwa mapatano. Hao wana mawakili. Ningi ambaye wimbo wake ulirekodiwa kwa simu ya kijana uwanjani na kutiwa mtandaoni, bila hata jina lake, ataketi na nani kupatana? Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yamtambua mtunzi, na sanaa za jadi zimewekewa sehemu yake humo. Ila iliandikwa zaidi ya miaka 20 kabla ya mashine hizi kuenea, na mtunzi hutakiwa kwanza aonyeshe kuwa wimbo ni wake.