Kuchonga

Kasulu, mvua zikikaribia, mtu haulizi kama barabara ya kijijini kwao imekarabatiwa. Anauliza kama imechongwa. Nakipenda kitenzi hiki. Mchonga mwiko hutafuta umbo, na greda vilevile: hurudisha mgongo wa barabara, kila mita kutoka katikati ishuke sentimita 4 hadi 6, maji yakimbilie mtaroni. Mgongo ukilala, maji husimama, magurudumu hukoroga changarawe na udongo mwekundu, makorongo yakaanza. Kumwaga kifusi bila kukishindilia wala kuchonga ni kupoteza fedha za umma. Taarifa za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, hutaja “sehemu korofi”. Mkaguzi azitafute mvua inaponyesha, atazame maji yanaelekea wapi.