Jiko la kuchomea nyama nyumbani

Jiko la kuchomea nyama ni chombo kinachobeba moto chini na wavu juu, ili nyama, samaki au mahindi yaive kwa joto la makaa, gesi au umeme bila sufuria. Afrika Mashariki aina zake ni nyingi, kuanzia jiko dogo la mishikaki hadi pipa linaloweza kubeba mbuzi mzima. Wanunuzi wengi huanza na bei. Lingefaa kutangulia swali jingine: katika nyumba hii, ni nyama gani itachomwa mara nyingi zaidi?

Mishikaki, maini na samaki wadogo huiva upesi juu ya makaa yaliyo karibu. Vinafaa jiko refu, jembamba, lisilo na kifuniko, kama la wachomaji wa barabarani. Upana wake huwa mdogo kuliko urefu wa kijiti, kwa hiyo ncha zote mbili hukaa nje ya moto na mchomaji hugeuza mshikaki kwa vidole bila kuungua. Jiko pana kupita kiasi huunguza vijiti na kula mkaa bure.

Kuku mzima au mguu wa mbuzi ni kazi nyingine kabisa. Ukiuweka juu ya makaa makali, nje unakuwa mweusi na ndani damu inabaki. Hapa panatakiwa kifuniko, na nafasi ya kusogeza makaa upande mmoja na kuweka nyama upande wa pili ili joto lizunguke. Jiko la duara lenye kifuniko lilibuniwa mwaka 1952 na George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers jijini Chicago, Marekani, mahali palipotengenezwa maboya ya majini. Alitumia maumbo ya maboya hayo, akapata jiko ambalo upepo hausumbui na majivu hayarukii chakula. Mpishi huongoza moto kwa matundu ya hewa ya chini na ya juu: yakifunguliwa makaa huwaka kwa nguvu, yakizibwa nusu hupoa taratibu. Jiko lenye kifuniko kisicho na matundu halistahili kununuliwa.

Kazi hiyohiyo hufanywa vizuri na pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa bawaba. Kwa familia kubwa, pipa la fundi hodari ni bora kuliko majiko mengi ya dukani yenye bati jepesi, kwa sababu chuma kinene hutunza joto na hakipindi. Lakini mnunuzi akague. Amuulize fundi pipa lilibeba nini. Lililobeba kemikali aliache. Lililobeba mafuta liunguzwe kwanza kwa moto mkubwa, mpaka rangi na masalia yote yaishe. Wavu usiwe ule wa ujenzi uliopakwa zinki, maana zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Afunge kifuniko atazame kama kinakaa sawasawa pande zote, kisha atikise miguu. Uwepo pia mlango mdogo wa kutolea majivu, na ngazi mbili au tatu za kuinulia wavu. Joto hupimwa kwa kiganja kilichoshikwa usawa wa wavu: kikivumilia sekunde mbili au tatu moto ni mkali, kikifika tano au sita ni wa wastani.

Gesi huwaka papo hapo na haiachi majivu. Wengine husema nyama yake haina ladha, na hilo si kweli kabisa: rangi ya kahawia na harufu tamu hutokana na joto kali, kwa mabadiliko yaliyoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na sehemu kubwa ya moshi wa nyama choma ni mafuta yanayodondokea penye moto. Mpira na regulata vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Povu likichemka, gesi inavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, hivyo jiko lisiwekwe shimoni wala kwenye kona isiyopitisha upepo.

Kwa jiko lolote, kuku aive hadi nyuzi 74 za Selsiasi sehemu iliyo nene zaidi. Kipimajoto cha nyama ni kifaa kidogo chenye faida kubwa.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu na kuonekana yamezimika. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Asiye na ua wala roshani iliyo wazi anunue jiko la umeme.