Wayo na Ufuko Unaohama

Watu wa visiwani wana samaki waliyempa jina la unyayo. Wayo, ambaye wengine humwita gayogayo, ni samaki bapa alalaye mchangani, macho yake yote mawili yakiwa upande mmoja wa kichwa. Hakuzaliwa hivyo. Katika utoto wake huogelea wima kama samaki wenziwe, kila jicho na upande wake. Kisha jicho moja huhama, likavuka kichwa na kutua kando ya mwenzake, naye akalala kwa ubavu umri wake wote. Mvuvi wa kumtafuta hahitaji chombo. Hungoja maji yapwe, akatoka kwa miguu.

Historia ya uvuvi wetu imeandikwa kwa upande wa wenye vyombo. Tunasoma habari za mitepe na majahazi, lakini mwenye kimuri na mkuki, au mwanamke mwenye kutanda uduvi kwa nguo, hupita katika vitabu kama kivuli. Nadhani sababu moja ni kwamba mahali pake pa kazi hapana jina la kudumu. Si bara, wala si bahari. Saa sita baadaye hapapo.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi mahali ambapo wayo hajapata kufika. Ukitoka Tunduma, mji wa mpakani ulio juu ya mita 1,500, ukashuka kuelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwanga, utafika katika bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye kimo cha mita 800 hivi. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umechukua jina la mto; na mito yenye jina hilo ni miwili. Mmoja huenda Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu na Malawi. Wa pili huingia Rukwa, kama uingiavyo mto Momba, na maji yake hayatoki tena ila kwa jua. Ziwa hili halina mlango wa kutokea. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, lilijaa hadi likamwagikia Tanganyika. Leo ni maji mapana ya magadi, yenye kina kidogo mno kwa upana wake.

Kwa hiyo pana kupwa na kujaa huko pia, ila hakuhesabiwi kwa mwezi. Mwaka 1929 urefu wa ziwa ulikuwa kilomita 48 tu. Mwaka 1939 lilikuwa na kilomita 128. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwaka ule wa kwanza, alipotimiza miaka kumi, mahali pa kuzaliwa kwake palikuwa huenda pamo majini. Mvuvi wa pwani hujua bamvua siku kadhaa kabla. Mvuvi wa Rukwa hana mwezi wa kumwambia.

Ukingo huo ndio shamba la mvuvi wa miguu. Mvua zikinyesha, mito hufurika katika nyasi, na kambare hupanda humo kwenda kutaga. Hapo mtu mwenye mgono, au hata mwenye mkuki tu, huvua pasipo mtumbwi. Magege, ambao jina lao la kitaalamu limetokana na ziwa hili, hulelea watoto wao katika maji haba ya kando. Lakini hayo hayo ndiyo maji ya mamba na viboko. Unyayo unaopapasa tope la Rukwa hauna amani.

Mzungu aliyelipachika ziwa jina la kigeni angaliweza kuyaelewa haya. Joseph Thomson alizaliwa mwaka 1858 katika Dumfriesshire, huko Scotland, jirani na ghuba ya Solway, ambako watu wamezoea kumvua wayo kwa wayo: huingia majini miguu mitupu, wakakanyaga polepole mpaka samaki akatukutika chini ya kisigino. Mwaka 1880, akiwa na miaka 22, na msafara wake ukiongozwa na Chuma, yule aliyekuwa mtumishi wa Livingstone, Thomson aliliona Rukwa kutoka juu ya milima. Akaliita Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji. Jina likafa, na halikumwachia mtu majonzi.

Kutoka juu, ziwa ni umbo. Waliokuja baadaye waliendelea kulitazama hivyo hivyo. Miaka kumi baada ya Thomson, mkataba wa 1890, ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza, ulipanga pia mpaka wa Wajerumani na Waingereza unaopita leo Tunduma. Maji ya Rukwa yalipokuwa yakienda na kurudi, serikali zilijali zaidi nyasi zilizoachwa wazi, maana nzige wekundu huzaliana humo. Mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kupambana nao, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka. Nzige walipata ofisi. Mwenye mgono hakupata hata faili.

Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zimepiga marufuku kokoro, nyavu zikokotwazo hadi ufukoni, na mimi naona ni haki, kwani kokoro hukomba vitoto vya samaki palepale vinapolelewa. Ila marufuku hiyo imeleta mazoea mabaya ya fikira: kila avuaye akiwa amesimama hutazamwa kama mharibifu. Mgono mmoja mdomoni mwa kijito si kokoro. Tena mahali unapotegwa panabishaniwa, kwani sehemu ya ziwa imo ndani ya Pori la Akiba la Uwanda, lenye jina la Wawanda, watu wa ukingo huo. Maji yakirudi nyuma, ufuko huwa malisho, na wenye ng'ombe huwasili. Maji yakija tena, mvuvi hudai alipokuwa akitega baba yake, na mfugaji huonyesha alipochunga mwaka jana. Wote wawili husema kweli.