Vipimo vya jinzi za denimu ghafi

Vipimo vya jinzi za denimu ghafi ni utaratibu wa kuchagua ukubwa wa suruali ya jinzi ambayo kitambaa chake hakijafuliwa tangu kilipofumwa, pamoja na kuamua urefu wa miguu yake na mahali pa kushona upindo. Utaratibu huu unatofautiana na ule wa jinzi za kawaida kwa sababu denimu ghafi hubadilika umbo baada ya kununuliwa: husinyaa inapolowa kwa mara ya kwanza, kisha hulegea inapovaliwa. Kwa hiyo suruali inayokaa vizuri dukani inaweza kuwa fupi au kubana baada ya kufuliwa mara moja, na mguu uliokwisha kukatwa haurudi urefu wake.

Kitambaa

Denimu ni kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa mistari ya mshazari. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hutiwa rangi ya nili. Nyuzi za mshindio, zinazokatiza kwa upana, kwa kawaida huachwa nyeupe. Nili haipenyi hadi kiini cha uzi, ndiyo maana denimu huchujuka pale inaposuguliwa.

Jinzi nyingi zinazouzwa leo hufuliwa kiwandani kwanza ili ziwe laini. Denimu ghafi haipitii hatua hiyo. Huwa ngumu, nyeusi-buluu, na mara nyingi bado ina wanga uliotiwa kwenye nyuzi wakati wa kufuma. Uzito wake hupimwa kwa wakia katika yadi moja ya mraba. Denimu ya wakia 14 ina takriban gramu 475 kwa mita ya mraba.

Historia

Jinzi zenye ribiti zilianza Marekani. Tarehe 20 Mei 1873 fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Nevada, na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipewa hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za chuma. Wakati huo denimu yote ilisinyaa ilipofuliwa, na wavaaji walizoea kununua suruali kubwa kuliko miili yao.

Hali ilibadilika baada ya Mmarekani Sanford Cluett kubuni mashine ya kusinyaza kitambaa kabla hakijashonwa, kwa kutumia unyevu, joto na mgandamizo. Njia hiyo, iliyopata hataza mwaka 1930, huitwa usanforaizi kutokana na jina lake.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 kufua jinzi kiwandani kulienea, na denimu ghafi ikapungua madukani. Ilirudishiwa heshima hasa na watengenezaji wa Japani katika mkoa wa Okayama, ambako eneo la Kojima linajulikana kwa ushonaji wa jinzi. Baadhi ya viwanda vya huko hutumia mashine za zamani za kufumia, zinazotoa kitambaa chembamba chenye ukingo usiochanika. Ukingo huo huonekana upande wa ndani wa mguu suruali inapokunjwa.

Kusinyaa

Jambo la kwanza kujua ni kama kitambaa kimesanforaiziwa.

• Denimu iliyosanforaiziwa kwa kawaida husinyaa kidogo, takriban asilimia 1 hadi 3.
• Denimu isiyosanforaiziwa husinyaa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa urefu. Upana nao hupungua, lakini kwa kawaida kidogo kuliko urefu, kwa sababu nyuzi za mtande ndizo zilizovutwa zaidi wakati wa kufuma.

Kwa mfano, mtu anayetaka mshono wa ndani wa mguu uwe sentimita 80 baada ya kitambaa kusinyaa kwa asilimia 8 anahitaji suruali yenye sentimita 87 hivi kabla ya kuloweka (80 ÷ 0.92). Kuongeza tu asilimia 8 ya 80 hakutoshi, maana asilimia hiyo hukatwa kwenye urefu wa mwanzo ulio mkubwa zaidi.

Ili kusinyaza suruali, huigeuza nje ndani, huilaza katika maji ya moto kwa dakika 30 hadi 45, kisha huianika. Maji baridi hayamalizi kazi. Suruali iliyolowekwa kwa maji baridi inaweza kusinyaa tena siku itakapokutana na maji ya moto au mashine ya kukaushia.

Kupima mwili na suruali

Namba iliyo kwenye lebo si kipimo cha kutegemewa. Suruali iliyoandikwa inchi 32 inaweza kuwa na kiuno kikubwa zaidi inapopimwa kwa tepu. Njia iliyo salama ni kuchukua suruali inayomkaa mtu vizuri, kuilaza sakafuni, kuipima, na kulinganisha na vipimo vya suruali mpya. Vipimo vinavyohitajika ni:

• kiuno;
• urefu kutoka msamba hadi kiuno, mbele na nyuma;
• upana wa paja, chini kidogo ya msamba;
• upana wa goti na wa mdomo wa mguu;
• urefu wa mshono wa ndani, kutoka msamba hadi chini.

Kiuno hulegea kwa kuvaliwa, mara nyingi kwa sentimita 2 hadi 3, kwa hiyo kinaweza kubana kiasi mwanzoni. Paja na urefu wa msamba havitoi nafasi kubwa hivyo. Suruali inayobana msambani husuguliwa zaidi mahali hapo, na huko ndiko denimu huchanika mapema. Kama mtu hawezi kuchuchumaa au kuketi bila kuvutwa, suruali hiyo ni ndogo.

Urefu na upindo

Upindo hushonwa mwisho. Suruali hulowekwa na kukaushwa kwanza, kisha huvaliwa kwa siku kadhaa ili mikunjo ya nyuma ya magoti ijitengeneze. Mikunjo hiyo hupandisha mguu wa suruali kidogo, hivyo urefu uliopimwa siku ya kwanza huonekana mfupi baadaye.

Kipimo huchukuliwa mvaaji akiwa amesimama na viatu atakavyovaa mara kwa mara. Upindo unaogusa juu ya kiatu bila kukunjamana ndio ulio sawa kwa wengi. Anayetaka kukunja mguu nje huongeza urefu: mkunjo mmoja wa sentimita 4 unahitaji sentimita 4 za ziada, na mikunjo miwili sentimita 8. Fundi naye huacha kitambaa cha kukunjia ndani. Upindo wa sentimita 1.2 unaokunjwa mara mbili unakula sentimita 2.4. Mguu unaoweza kujipinda kwa sababu ya mshazari wa kitambaa hupimwa kila upande peke yake.

Upindo wa asili wa jinzi nyingi za kale ni wa mshono wa mnyororo. Mshono huo huvuta kitambaa kidogo, na baada ya kufuliwa huacha alama za mshazari zinazofanana na kamba. Cherehani ya kawaida hutoa mshono ulionyooka, usiofumuka kwa urahisi lakini usio na alama hizo. Kupunguza upana wa mguu nako hufanywa kabla rangi haijachujuka. Likichelewa, mistari ya zamani hubaki ikionekana pembeni mwa mshono mpya.

Katika Afrika ya Mashariki jinzi nyingi hununuliwa mitumbani. Hizo kwa kawaida zimeshavaliwa na kufuliwa, hivyo fundi anaweza kuzikata kwa kipimo cha siku hiyo. Suruali mpya ya denimu ghafi haina historia hiyo, na fundi aambiwe kabla hajashika mkasi.