Kuku Aliyefungwa Mguu

Nilipofika Ilongero jioni ile, kuku alikuwa tayari amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko. Kazi yake niliijua. Hakuna mtu wa Singida asiyejua kazi ya kuku aliyefungwa mguu siku mgeni anapoingia. Tangu basi lilipopita Manyoni nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia bibi, maana ulikuwa mwezi wa nane tangu niache nyama, maziwa, mayai na hata asali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda?"

Nikamwambia. Hakunielewa, nikarudia. Akauliza maswali matatu, moja baada ya jingine: Umekatazwa na daktari? Umeingia dini gani? Au hela zimekwisha huko mjini? Nilipojibu hapana mara tatu akanyamaza, akamtazama kuku, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu asiyekula nyama hana damu, na asiye na damu hana nguvu.

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hofu yake ilikuwa hofu yangu pia. Miezi ile minane nilikuwa nimeibeba kimya kimya. Nilitaka kujua imetoka wapi.

Sehemu moja ilitoka mbali na Singida. Mwaka 1933, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele. Miaka miwili baadaye aliutaja ugonjwa ule kwa jina alilolisikia kwa Waga wenyewe: kwashiakoo, ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Baada ya Vita ya Pili wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliamua kwamba tatizo kubwa la lishe katika nchi maskini ni upungufu wa protini. Maziwa ya unga yakasafirishwa, mikutano ikafanyika. Ilipofika 1974, daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba hesabu zile zilikosewa vibaya. Watoto wengi, alisema, walikosa chakula chenyewe, na kuwakazania protini peke yake kulipoteza miaka na fedha.

Lakini fundisho lilikwisha kusambaa. Mwaka 1975 serikali yetu iliendesha kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, miaka miwili baada ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio moja. Bibi anakumbuka redio ile kuliko masomo yake. Anachokikumbuka zaidi cha miaka ile ni ukame, kuhamishiwa kijijini, na unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita Yanga.

"Tulikula nini, bibi, kabla ya huo Yanga?"

"Uwele. Mtama. Mlenda. Kunde. Wewe ulifikiri tulikula nini?"

"Na nyama?"

Akacheka. Nyama ililiwa ng'ombe akifa, au siku ya shughuli. Ng'ombe hakuwa kitoweo. Alikuwa mahari, faini na akiba. Harold Schneider, Mmarekani aliyekaa na Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1970, aliieleza mifugo yetu kama fedha hasa. Nani anakula fedha yake kila jioni? Na akiba ile ilikuwa ikipotea. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kumaliza mazizi. Ng'ombe walipoisha, waliosalia waliishi kwa walichoweza kuchuma na kuchimba.

Wakati tunaongea bibi alikuwa akisonga ugali. Akaweka mlenda uliotiwa karanga za kutwangwa, na bakuli la kunde. Kwa kuwa kuku alikuwa bado hajachinjwa, hicho ndicho kilichokuwapo. Nikala mpaka nikashiba. Katikati ya tonge nikagundua, na nadhani naye aligundua, kwamba mezani hapakuwa na kitu cha mnyama.

Uwele na mtama vina protini, gramu kumi hivi katika kila gramu mia za nafaka kavu, ila vina upungufu wa laisini, kiungo kimoja ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Kunde zina laisini nyingi. Anayekula nafaka na jamii ya kunde siku hiyo hiyo, akashiba, amejibu swali la protini bila kulijua. Na damu? Madini ya chuma yamo kwenye kunde na mboga za majani, ila ya mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Kitu kichachu chenye vitamini C, kama ubuyu au limau, huyasaidia. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mimi nimesogeza chai yangu mbali na mlo.

Ningependa kuishia hapo na kusema wazee wetu walikuwa wala mimea tupu. Bibi hakuniruhusu.

"Na maziwa mgando je? Hayo tulikunywa. Na huo uwele unaoula umeota kwenye samadi ya zizi. Hujamkimbia ng'ombe, mume wangu."

Ni kweli. Shamba la Mnyaturu na zizi lake ni kitu kimoja. Na ni katika maziwa yale, na nyama ile ya mara chache, walimopata kitu ambacho kunde hazina: vitamini B12. Hata Waingereza waliounda chama chao cha wasiokula chochote cha mnyama, wakiongozwa na Donald Watson mwezi wa Novemba 1944, hawakuijua. Vitamini hiyo ilitenganishwa maabara mwaka 1948 tu. Upungufu wake huja polepole, miaka kadhaa, na unaweza kuharibu damu na neva. Hofu nyingine niliziondoa kwa kuzichunguza. Hii niliiondoa kwa kidonge.

Kidonge hicho ndicho kilichozua balaa asubuhi yake. Bibi alikiona kichupa kwenye begi. Akaketi kitandani kwangu, akafunga mlango.

"Niambie mimi peke yangu. Unaumwa nini?"

Nilielewa alichokuwa anafikiri. Mjukuu amekonda, amebadili chakula, anameza dawa kila siku kwa siri. Amezika watu walioanza hivyo. Nikamsomea maandishi ya kichupa neno kwa neno, nikamweleza kwamba ni kile kilichokuwa kwenye maziwa yake ya mgando. Alikishika muda mrefu. Kisha akauliza bei yake, nikamtajia, akasema maziwa yalikuwa rahisi zaidi.

Katika hofu zote, kubwa ilikuwa ile ya kuku. Kumkatalia bibi kuku ni kumwambia sijafika kwako. Hakuna kidonge cha hilo. Siku ya tatu, nikiwa nafunga begi, alimfungua yule kuku mguu, akamshika mbawa na kunikabidhi.

"Nilikupa, nimekupa. Huli, basi fuga."

Nikamwachia anitunzie. Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu: jike langu limeangua vifaranga tisa, kimoja kimechukuliwa na mwewe. Bibi akadaka simu, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza nini. Nikamwambia ugali na kunde.

"Na kile kidonge?"

"Nimemeza, bibi."

"Haya. Kuku zako hawajambo."