Mzigo wa Mashahidi Wanne wa Fizi na Baraka



Mwezi wa Novemba unapokaribia kwisha, sisi wa ufuko huu wa Ziwa Tanganyika twakumbuka siku moja ya mwaka 1964. Ilikuwa tarehe 28. Siku nne kabla yake askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa wameshuka Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na waasi wa Simba waliokuwa bado wameshika nchi ya Fizi walijaa hasira. Mchana ule gari la jipu lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Kiongozi wa waasi, Abedi Masanga, alimwamuru Bruda Vittorio Faccin, furere kama tusemavyo kwetu, apande garini. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka nje, naye akakataa kupanda, akataka afe karibu na nduguye. Jioni gari lile lilifika Fizi. Huko waliuawa Padri Giovanni Didonè, paroko, pamoja na Padri Albert Joubert.

Habari hii mmeisikia mara nyingi, hasa tangu tarehe 18 Agosti 2024, siku ambayo Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenye Heri huko Uvira. Wahubiri husimama kwenye damu yao, na ni haki. Lakini mimi, kwa tabia ya ualimu, hupenda kuuliza jambo lililotangulia damu: watu hawa walikuwa wamebeba mzigo gani?

Swali hilo lilinijia kwa sababu ya kijana mmoja wa Kiro. Nilikuwa nikifundisha juu ya wale Mitume waliotumwa bila mfuko wala kanzu ya pili, katika sura ya 10 ya Injili ya Mathayo. Kijana akasimama, akasema kwa adabu: «Mwalimu, mnatufundisha kuacha vitu ambavyo hatuna.» Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana alikuwa amesema kweli. Kumhubiria mwenye njaa uzuri wa kukosa ni dhambi, nami naogopa kuwa tumeitenda mara nyingi. Umaskini wa mama asiye na chumvi nyumbani haukuchaguliwa na mtu; huo ni wa kupigwa vita. Ufukara wa nadhiri ni jambo jingine kabisa.

Faccin, Carrara na Didonè walikuwa Waxaveri, wana wa shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Guido Maria Conforti mjini Parma mwaka 1895. Mwenye nadhiri ya ufukara hatumii mali kwa hiari yake mwenyewe, na apatacho kwa kazi yake ni cha shirika. Tusidanganyane lakini: machoni pa mwanakijiji, Mzungu wa misioni hakuwa fukara. Alijua kusoma na kuandika, alikuwa na watu wa kumtafuta akipotea, na ng'ambo ya bahari alikuwa na nchi yenye amani ya kumpokea. Naona hapo ndipo palipokuwa na mali yao kubwa, ile njia ya kurudi nyumbani. Na hiyo ndiyo waliyoiacha.

Padri Joubert ananivutia zaidi, kwa kuwa yeye hakuwa na nadhiri hiyo. Padri wa jimbo aruhusiwa kumiliki. Tena alikuwa na jina. Baba yake, Kapteni Léopold Joubert, alikuwa Mfaransa aliyepata kuwa askari wa Papa. Mwaka 1880 aliitika mwito wa Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, akaja kuwalinda watu wa ziwa hili dhidi ya wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii. Hakurudi kukaa kwao Ufaransa. Alifariki mwaka 1927 upande wa Moba. Albert alizaliwa huko mwaka 1908, akapewa upadri mwaka 1935. Mwana wa Mfaransa na Mkongomani angeweza kulitumia jina la baba yake kama pasipoti. Saa ya hatari ilimkuta Fizi, mwenye umri wa miaka 56, kando ya paroko aliyekuwa na miaka 34.

Mzigo nilijifunza kuupima mwaka 1996, vita vilipotufukuza kuelekea Kigoma. Mwenye mtumbwi alihesabu vichwa, na vitu alivitazama kwa jicho baya. Jirani yetu mmoja alikuja na sanduku la sahani za kuwekea wageni ambazo hazijawahi kuliwa, na cherehani kichwani. Akaambiwa achague. Alisimama majini muda mrefu, nasi tukimkasirikia, kisha akaliacha sanduku mchangani. Cherehani ile ililisha nyumba tatu huko Nyarugusu. Sahani sijui zilimfaa nani. Tangu siku ile nikisikia mtu akisema kwamba Mkristu anapaswa kuacha vyote, humwuliza: vyote vipi? Chombo cha kazi kina haki yake mtumbwini.

Leo vijana wetu washuka kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi wakiwa na fedha ya jasho la kweli, na katika majuma mawili imegeuka simu ya pili na viatu vya kutazamwa. Siwalaumu sana, aliyekosa tangu utoto huona kiu. Ila wazee wanaopandisha mahari hata kijana ashindwe kuoa kanisani, hao nawalaumu.

Na sisi wa kanisani je? Katika parokia moja niliyofundisha, kwaya iliamua kununua kitenge kipya kwa sikukuu, cha tatu mwaka ule. Msichana mmoja wa sauti ya pili akaacha kuja. Nilifikiri ni ugonjwa. Mama yake, auzaye ndagala, aliniambia bila kuficha kwamba alikosa fedha ya kitenge. Msichana yule hakuwa na cha kupunguza; kabati zetu ndizo zilizojaa.

Nililipeleka neno hilo kwenye mkutano wa kwaya. Wengine walinuna, wakisema mwalimu anaharibu sikukuu. Tulibishana hadi taa ikazimika. Mwishowe walikubali kuvaa kitenge cha zamani, na waliokuwa na viwili wakatoa kimoja. Jumapili ya pili ya Majilio msichana alirudi katika safu yake.