Nani alilinda usiku Ndosho? Historia ya doria mjini Goma

Ndosho ni mmoja wa mitaa 11 ya komini ya Karisimbi, magharibi mwa Goma, kwenye barabara ya kwenda Mugunga na Sake. Mzee wa miaka 60 mtaani hapa ameona sare nyingi zikipita mlangoni pake usiku, na kila sare ilikuja na serikali yake.

Mwanzo wa doria hizo ni Force Publique, jeshi la mfalme Leopold II wa Ubelgiji, lililokuwa pia polisi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji waligawa askari wake mafungu mawili: waliokaa kambini kulinda mipaka, na waliotawanywa wilayani kusimamia utulivu, kodi na kazi za lazima. Hapo ndipo doria ilipozoea kumtazama raia kama mtu wa kudhibitiwa, na mazoea hayo hayakuondoka na Wabelgiji mwaka 1960.

Rais Mobutu aliunganisha polisi ya majimbo kuwa polisi ya taifa mwaka 1966, kisha mwaka 1972 akaivunja na kuitia ndani ya jandarmeri, yaani chini ya jeshi. Mwaka 1984 akaongeza Garde Civile. Vikosi viwili, kazi moja, na mwananchi asiyejua amlalamikie nani.

Mwaka 1994 ulileta jaribio la ajabu zaidi. Wakimbizi wa Rwanda zaidi ya nusu milioni walimiminika Goma na viunga vyake. Ndosho yenyewe ikapokea watoto waliopotezana na wazazi. Kambi za wakimbizi zilipotawaliwa na wenye silaha waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, chini ya Sadako Ogata, lilikubaliana na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mapema mwaka 1995: askari 1,500, wengi wao wa kikosi cha ulinzi wa rais, wangelinda kambi hizo kwa mshahara unaolipwa na shirika hilo. Askari walewale waliozoea kuishi kwa kupora walifanya kazi iliyosifiwa na wengi, kwa kuwa walilipwa na walisimamiwa. Somo hilo lingefaa kukumbukwa kila bajeti ya polisi inapojadiliwa.

Laurent-Désiré Kabila, aliyempindua Mobutu, alivunja jandarmeri na Garde Civile mwaka 1997, ikazaliwa Polisi ya Taifa ya Kongo. Mwaka uliofuata Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD.

Muundo ulionyooka kisheria ulikuja na sheria ya tarehe 11 Agosti 2011. Juu yuko kamishna mkuu Kinshasa. Chini yake kamishna wa jimbo, kisha komisaria ya mji, na mwisho vituo vidogo vya mitaani, ambavyo watu wa Goma huviita sous-ciat. Polisi wa barabarani na vikosi vya kuzima ghasia wana safu zao. Sheria hiyo ilitaka polisi wa karibu na raia, na kwa doria maana yake ni sous-ciat kufanya kazi na chifu wa avenue na wa nyumba kumi, watu wanaojua nani amehamia wapi.

Mpango huo haukupata utulivu wa kuota mizizi. Waasi wa M23 waliteka mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka baada ya siku chache. Mei 2021 ilianza hali ya dharura: gavana akateuliwa kutoka jeshini, naibu wake na meya kutoka polisi, na jeshi likapewa usimamizi wa usalama. Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia tena, na tangu hapo usalama wa mitaa ya Goma umekuwa mikononi mwake.

Warekebishaji wote hao walianzia juu: majina, vyeo, makao makuu. Atakayepanga upya polisi ya Goma aanzie sous-ciat ya Ndosho, kwa mshahara unaofika, taa, mafuta ya gari na mkuu ambaye wakazi wanaweza kumshtaki akikosea.